Injini ya Ng'ambo ya Mkurugenzi

Dada yake alipopiga simu asubuhi kusema kwamba mumewe hakuamka, Mkurugenzi alikuwa kituoni akiwahubiria abiria ubora wa injini ya basi lake dogo. Hakuongoza kitu chochote zaidi ya basi hilo. Jina alilipata kwa kutembea na kalamu tatu mfukoni. Simu ilipokatika alikaa kwenye ngazi ya mlango, akawaambia abiria wapande basi lingine.

Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini miaka thelathini. Basi lilipoanza kula oili na kutoa moshi, alimwambia shemeji yake kwamba ataisuka injini upya: atachonga silinda, atasawazisha shafti na kuweka pistoni na beringi mpya. Siku tisa tu. Mkurugenzi akacheka. Yeye, alisema, ataagiza injini iliyosukwa upya kiwandani ng'ambo, na watu wa koti jeupe, si mtu anayefutia mikono kwenye suruali. Aliyasema hayo sebuleni kwa fundi, akila chakula cha fundi. Fundi akamwongezea mchuzi.

Injini ikaja kwenye sanduku la mbao, imepakwa rangi ya fedha kama bibi harusi aliyezidishiwa poda, pamoja na cheti chenye mihuri minne. Mkurugenzi akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika mbele ya abiria. Wiki ya tatu injini ikaanza kugonga.

Akalivuta basi hadi gereji ya shemeji yake, nyuma ya soko. Fundi alifungua injini kwa chini, akamulika tochi. Kisha akamwita aone. Kwenye kifuniko cha beringi ya kwanza palikuwa na nukta tatu, alama aliyoigonga fundi kwenye kila injini aliyoisuka. Hii aliisuka miaka sita nyuma, ya gari la shule. Mjanja fulani aliinunua chakavu, akaiosha, akaipaka rangi. Hata beringi hakubadilisha.

"Shemeji," fundi alisema kwa sauti ya chini, "ng'ambo yako iko nyuma ya soko."

Akaisuka tena, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mkurugenzi hakusema asante wala samahani. Cheti kilibaki basini mbele ya abiria, na sifa za ng'ambo ziliendelea. Alijiambia kwamba Ijumaa ataenda kuomba radhi. Zikapita Ijumaa kumi na moja.

Basi hilo ndilo lililobeba jeneza. Makaburini aliposimama kusema kwa niaba ya mashemeji, sisi waombolezaji tulijiandaa kwa hotuba ndefu.

"Injini iliyotuleta hapa aliisuka yeye," alisema. "Mara mbili. Mimi niliwadanganya, yeye akanisitiri. Sikumwomba radhi."

Dada yake alimtazama, kisha akainamisha kichwa.

Tukaomba. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mkurugenzi alishika koleo akafukia pamoja na wengine mpaka shimo likajaa. Kisha tukarudi nyumbani.