Pipa la Makote na Mbio za Newala

Reginald wa Makote alikuwa na kopo la biskuti ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Ndani hamkuwa na fedha wala hirizi. Mlikuwa na kadi moja iliyochakaa pembeni, yenye maandishi ya kalamu ya bluu: saa mbili, dakika hamsini na mbili. Ndio muda aliokimbia marathoni mwaka 1984, alipokuwa katika timu ya kiwanda cha korosho.

Wakati ule kiwanda kilimpa raba, maziwa na ruhusa ya kutoka kazini mapema akafanye mazoezi. Kisha kiwanda kikafungwa, mashine zikaota kutu, naye akarudi Makote kupulizia mikorosho dawa ya salfa kama wenzake. Walipokuja wanunuzi binafsi na bei ikapanda, watu walinunua redio na baiskeli. Yeye aliezeka nyumba bati. Lakini alichokitamani hakikuuzwa dukani. Alitaka kuandikiwa muda mwingine, mzuri kuliko ule, kabla magoti hayajamkana. Umri ulikuwa miaka thelathini na tisa, na aliitamani saa mbili na dakika hamsini na moja kama mjamzito anavyotamani udongo.

Basi mwaka 1995 mnunuzi mmoja wa korosho, Gregory, mgeni kutoka Moshi, akatangaza mbio za kilomita arobaini na mbili, kutoka upande wa Chidya hadi uwanja wa Newala. Zawadi baiskeli. Reginald alimfuata ghalani na swali moja.

"Muda wa kila mtu mtauandika?"

"Tutauandika, na muhuri nitagonga."

"Basi baiskeli wape vijana."

Akafanya mazoezi miezi mitatu. Mkewe Anjelina alimtazama akirudi kila asubuhi amelowa jasho, akacheka. "Baba Sijaona, miguu hiyo ingeshuka bondeni na ndoo walau mara moja, ningekuelewa."

Alikuwa na haki ya kusema. Makote iko juu mlimani, na huko maji hayapo. Yako bondeni, na kushuka na kupanda nayo ni nusu siku. Ndiyo maana mvua ikianza watu huacha chochote walichoshika wakakimbilia mapipa, madebe na sufuria. Hata msibani watasimama kidogo wakinge. Ukikuta pipa la jirani halijakaa chini ya gata la paa unalisogeza, hata kama mmenuniana tangu mwaka jana. Kuacha maji ya bati yaende ardhini ni aibu isiyosemeka.

Siku ya mbio, mwezi wa pili, Anjelina alitangulia Newala kumsubiri mumewe mstarini. Mvua iliwakuta wakimbiaji chini ya mlima. Udongo mwekundu ukaganda kwenye raba zikawa nzito, wengi wakageuka, wengine wakakaa chini wakajicheka wenyewe. Reginald alizivua zake akazitupa, akapanda pekupeku. Alipofika juu kifua kilifunguka, miguu ikawa myepesi, naye akajua. Mkimbiaji hahitaji saa kujua jambo hilo. Leo ile hamsini na mbili ilikuwa nyuma yake.

Njia ilipita mbele ya nyumba yake. Pipa lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye gata; alilisogeza mwenyewe juzi akitengeneza paa, akasahau kulirudisha. Maji ya bati jipya yalikuwa yanamwagika yote mchangani, na jirani hata mmoja hakuwapo, wote wameenda kutazama mbio. Kulisogeza ni nusu dakika. Mikono yake ilitaka kwenda yenyewe. Aligeuza uso akapita.

Uwanjani Newala hakukuta mtu. Mstari wa chokaa ulikuwa umesombwa, meza imeloa peke yake. Vijana watatu waliowahi kabla mvua haijafika Newala walikuwa wamejikunyata barazani.

"Mwenye saa yuko wapi?" aliuliza.

Walimwonyesha upande wa nyumba za karibu.

Gregory alikuwa amemkabidhi saa mzee Dadi, tarishi mstaafu, mtu asiyeweza kuiba hata sindano, akamwambia asiiachie hata afe. Mzee hakuiachia. Ila Gregory ametoka kwenye migomba ambako maji hupita mferejini mlangoni pa mtu, na hakufikiria kumwambia habari ya mvua. Ilipoanza, mzee Dadi aliitia saa mfukoni akaenda kukinga, na umati nao ukatawanyika, kila mtu nyumba iliyo karibu.

Walirudi wakiwa na furaha, Anjelina mmojawapo, amelowa hadi mabegani kwa kumsaidia mzee.

"Shikamoo, mzee Dadi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika sasa hivi?"

"Nimefika zamani."

"Zamani kiasi gani?"

"Hilo ndilo nililotaka uniambie wewe."

Mzee alitoa saa. Ilisoma saa tatu na dakika sita, na bado inakwenda. "Nisamehe. Pipa langu lilikuwa kavu wiki ya pili sasa."

Gregory alishuka garini, kalamu na karatasi mkononi. "Tuandike hamsini, mambo yaishe."

Reginald aliitazama ile karatasi kwa uchungu, maana aliitaka. "Usiandike kitu," alisema.

Jioni, nyumbani, Anjelina alisimama mbele ya pipa tupu.

"Ulipita hapa?"

"Nilipita."

"Ukaliona?"

"Nililiona."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Kesho yake Reginald alichukua ndoo akashuka bondeni mwenyewe, magoti yamekaza kama kuni.

Hakukimbia tena mbio zenye saa. Siku hizi mvua ikianza yeye ndiye wa kwanza kuweka pipa. Likishakaa sawa, husimama chini ya paa akaitazama njia, akahesabu kwa midomo kutoka hapo hadi uwanjani. Mara hupata hamsini na moja, mara hamsini na tatu. Mama Sijaona humwacha ahesabu, pipa likijaa.