Chuo Kilichompa Mama Jina

Mama yangu ameuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, tangu nikiwa shule ya msingi, na pale sokoni ni wachache wanaojua jina lake. Wanamwita Min University, yaani mama wa university. Jina hilo alilipata siku niliyochaguliwa kwenda kile chuo kikuu ambacho, wakati huo, ukikitaja hukuhitaji kueleza zaidi. Wanawake waliacha vibanda vyao wakaja kumwimbia. Mama alicheza akiwa ameshika koti alilokuwa akimwonyesha mteja, na mteja naye akacheza.

Aliyecheza kuliko wote alikuwa jirani yake, mama wa ndizi, mwanamke wa upande wa Vihiga aliyeolewa hapa mjini. Yeye hajui Dholuo, lugha yetu, vizuri na mama yangu hajui Kiluhya, kwa hivyo urafiki wao wote ulijengwa kwa Kiswahili cha sokoni, kile kisichojali ngeli. Kwa miaka mingi walikunywa chai kutoka chupa moja, na mmoja akienda msalani mwenzake aliuza bidhaa za vibanda vyote viwili.

Chuo chenyewe nakikumbuka kwa mapenzi, lakini sitaki kudanganya. Tulifungiwa, tukarushiwa mabomu ya machozi, tukarudishwa nyumbani katikati ya muhula. Hata hivyo, kwenye maabara ya baiolojia kila mwanafunzi alikuwa na hadubini yake. Profesa wetu, mwanamke mrefu ambaye sikumbuki akicheka, alipita nyuma yetu akiinama kuangalia katika kila lenzi. Ukichora kitu ulichokiona kitabuni badala ya ulichokiona mwenyewe, alikichana. "Chora ulichoona," alisema. "Ukiona giza, chora giza." Mpaka leo ninapima maji ya ziwa hapa Kisumu, na nikiri kwamba karibu kila ninachojua kuhusu uaminifu kazini nilikipata kwa yule mwanamke.

Ndiyo maana iliniuma wanafunzi wa chuo hicho walipoanza kuja kwetu kwa mafunzo ya kazi. Walikuwa werevu, baadhi yao werevu kuliko tulivyokuwa sisi. Lakini ukimpa mmoja tone la maji na hadubini, anasimama kando yake kama mgeni anayengoja kuambiwa aketi. Nilimuuliza mmoja kama hawakuwa na maabara.

"Ilikuwako," alisema. "Lakini tulikuwa wengi sana. Tulifundishwa kwa picha."

Nilidhani ni yeye tu. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wakasema yale yale.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, mama yangu na mama wa ndizi walikuja kwangu wakiwa na binti wa mwisho wa mama wa ndizi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri. Nilimfahamu tangu akiwa mtoto wa kulala chini ya meza ya ndizi. Mama yake hakungoja hata soda ifunguliwe.

"Ameitwa kule kule kwako," alisema. "University yako. Sasa mimi nimekuja unibarikie mtoto."

Nilimpongeza binti, kisha nikamuuliza yeye mwenyewe alitaka kusomea nini. Alimtazama mama yake kwanza.

"Nilitaka kazi ya maabara ya hospitali," alisema polepole. "Pale chuo cha utabibu, hapa mjini. Diploma."

"Diploma!" Mama yake alicheka. "Mtu anaitwa university, anataka diploma."

Niliamua kusema ukweli. Niliwaambia kwamba chuo kile si kile tena. Kwamba madarasa yamefurika, walimu wengi wazuri wamestaafu au wamehama, na vijana ninaowapokea wanatoka pale na vyeti vizito na mikono mitupu. Nikasema kwamba kwa kile anachotaka binti, chuo cha hapa mjini kitamfundisha vizuri zaidi.

Mama wa ndizi aliweka glasi yake chini.

"Wewe ulikula kwa hiyo meza ukashiba," alisema. "Leo watoto yetu wamefika, unasema chakula imeoza?"

"Mama, sijasema hivyo kwa ubaya."

"Najua. Lakini wewe ndio unakaa kwa ofisi. Wewe ndio uko na nyumba ya mawe. Hiyo university ndio ilikupea. Kama ni mbaya, mbona wewe uko hivi?"

Ningemwelezaje kwamba jina linaweza kubaki mlangoni hata wenye nyumba wakishahama? Binti alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua pindo la sketi yake. Walipoondoka, mama yangu alibaki nyuma kidogo.

"Umeniaibisha," alisema kwa Dholuo. "Mimi ndiye niliyemwambia miaka hii yote kwamba hapo ndipo mtoto anafaa kwenda."

Binti alikwenda. Kanisa lilimfanyia maombi, soko likachanga, nami nikachanga pia. Mama wa ndizi alipata jina jipya sokoni, wakawa sasa Min University wawili, kibanda kando ya kibanda. Kwa muda walifurahi sana, na nilijiambia kwamba labda mimi ndiye niliyezeeka vibaya, nikawa mtu wa kusema kila kitu cha zamani kilikuwa bora.

Lakini binti alikuwa anarudi nyumbani wakati ambao si wa likizo. Mara wahadhiri wamegoma, mara muhula umesogezwa. Akija kunisalimu hakulalamika. Alisema tu kwamba wanasikilizia masomo dirishani, na kwamba maelezo yanatumwa kwa simu. Kisha, alipokaribia kumaliza, akanipigia akilia. Alama zake za masomo mawili hazikuonekana popote, na bila hizo asingehitimu.

Nilichukua likizo nikaenda naye. Alikuwa akisoma katika idara yangu ya zamani, ya baiolojia, nami nilijua njia zake zote. Nilidhani hilo lingesaidia. Tulizungushwa ofisi moja hadi nyingine mpaka karani mmoja, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kuchoka, akatuambia ukweli.

"Aliyewafundisha alikuwa mwalimu wa muda," alisema. "Hakulipwa. Akaondoka na karatasi za mtihani."

"Na sasa mtoto afanye nini?"

"Arudie masomo hayo, mama. Ama tumtafute huyo mwalimu. Na mimi simlaumu, sijui kama wewe utamlaumu."

Tulipotoka nje nilimwomba binti tupitie maabara yangu ya zamani. Mlango ulikuwa wazi. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, mifereji haikuwa na maji, na kabati la hadubini lilikuwa limejaa marobota ya karatasi. Nilisimama pale nilipokuwa nikikaa, dirisha la tatu. Sikukusudia kulia. Nilikuwa nimekuja kama mtu mzima wa kumtetea mtoto, na sasa mtoto ndiye aliyenishika mkono.

"Pole," alisema. "Mimi sikuijua ikiwa nzuri, kwa hivyo hainiumi sana. Wewe ndiye umefiwa."

Alirudia masomo yale, akahitimu akiwa amechelewa mwaka mzima. Mama yake alivaa gauni jipya, akapiga picha akiwa yeye mwenyewe amevaa joho la bintiye.

Kisha likatokea jambo ambalo bado sijui nilichukulieje. Nafasi ya mkataba ilitangazwa kazini kwetu, binti akaomba. Mimi nilikaa mbali na usaili kwa sababu namfahamu. Mkuu wetu, ambaye pia alisoma chuo kile, alitoka chumbani akitabasamu. "Nimepata mtu," aliniambia. "Wa kwetu kabisa." Hakuwa amemuuliza mengi.

Habari zilifika Kibuye kabla sijafika mimi. Mama wa ndizi aliniona kwa mbali akaniita kwa sauti ya kusikika na soko zima.

"Umeona? Ungesikizwa wewe, leo mtoto angekuwa wapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Alikuwa na haki. Jina lilikuwa limefungua mlango, kama alivyosema. Nilimkumbatia nikampongeza.

Ila binti hakucheka. Kazini aliomba nimfundishe kila kitu tangu mwanzo, na kila jioni alibaki nyuma akirudia. Alikuwa na mkono mzuri. Baada ya miezi michache tu alikuja mezani kwangu akasema anaacha.

"Umepata kwingine?"

"Nimeomba nafasi chuo cha utabibu. Nimepata. Nitaanza upya na wale waliotoka kidato cha nne juzi." Akaongeza, "Kule hospitalini watu wanatoa damu yao, unawaambia ni wagonjwa au si wagonjwa. Sitaki kubahatisha."

Nilimwomba afikirie, nikamkumbusha jinsi kazi zilivyo adimu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama naweza kumwambia mama yake. Nilikataa; nilisema hilo ni lake. Akamwambia.

Mama wa ndizi hakuamini kwamba wazo lile ni la bintiye. Alisema mimi ndiye niliyemgeuza mtoto akili, kwamba nilishindwa kumzuia mlangoni nikamtoa akiwa ameshaingia. Hakunijia mimi. Alimwambia mama yangu, na mama yangu akanitetea, na maneno yakawa makali kwa kile Kiswahili chao ambacho siku zote kilikuwa cha utani. Tangu siku hiyo kila mmoja analeta chai yake.

Mama amezeeka sasa. Juzi nilikuwa nikimsaidia kupanga mashati, akaniuliza ghafla:

"Hiyo university. Ilikuwa nzuri kweli, ama ni sisi tulitaka tu iwe nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Mama."

"Na mbona waliacha ikaharibika?"

Nilitamani kumwambia ni serikali, au ni fedha, au ni sisi tuliotoka pale tukaendelea na maisha yetu bila kurudi kuangalia. Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa, akaendelea kukunja shati.

Nilipokuwa nikiondoka nilisimama kwenye kibanda cha pili nikaomba ndizi. Mama wa ndizi alizifunga kwenye gazeti bila kuinua macho. Chuo cha utabibu kiko karibu na nyumba yangu, na anajua kwamba bintiye hupitia kwangu mchana.

"Mtoto amekula leo?" aliuliza.

"Amekula, Mama."

"Haya," akasema, na kumgeukia mteja mwingine.