Siku Jepkosgei Aliponyimwa Ufagio

Pale Kapsoya, mwaka ule wa themanini na nane, kulikuwa na mwanamke mmoja anaitwa Jepkosgei, Mama Kipkemboi, na ufagio wake ulijulikana mtaani kuliko mume wake. Jogoo hajakohoa, yeye yuko uani, mgongo umekunjika, vumbi linamkimbia. Nzi akitaka kutua kwake, kwanza anapangusa miguu. Kuku wake walikuwa wakibanwa wanaomba ruhusa na kwenda kwa jirani. Na mgeni akimega mkate, chembe ilikuwa haifiki chini. Ufagio uliidaka hewani. Ndiyo maana wageni wake wote walikunywa kikombe kimoja cha chai, kisha wakakumbuka wameacha sufuria kwa moto.

Kitu kimoja tu Jepkosgei alikitaka duniani: uenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa amehamia kijiji cha Ziwa kulima mahindi, na wenzake wakaamua kumchagua mwingine siku ya Jumatano, baada ya maombi, hapo hapo nyumbani kwa Jepkosgei. Aliyeshindana naye alikuwa Esther, mwanamke wa kupitisha kidole juu ya kabati za watu, halafu anakitazama hicho kidole kama kimeumwa na nyoka.

Sasa Jepkosgei alikuwa na mpangaji, msichana Mchina anaitwa Lihua, aliyetoka kwao kuja kusomea mambo ya ngano. Kiswahili alikuwa amefundishwa huko huko kwao, kwa vitabu, kwa hivyo aliongea kama taarifa ya habari. Akiomba chumvi, unataka kusimama wima usikilize.

Jumanne jioni Jepkosgei alimkuta jikoni anakanda unga, macho mekundu.

"Ni vitunguu au ni kilio?"

"Ni kilio, Mama. Kesho ni mwaka mpya wa kwetu. Sijawahi kuusherehekea mbali na mama yangu."

"Mwaka mpya Februari? Sasa nyinyi mlichelewa wapi?"

Lihua akacheka huku anajifuta pua. "Tunaukaribisha mwaka wa joka."

Jepkosgei aliangalia dirishani haraka. "Hiyo ya joka wamama wa kanisa wasisikie. Ukiulizwa, sema ni mwaka wa ng'ombe." Kisha roho ikamlainika. "Nyamaza, mtoto wangu. Kesho hapa ni kwenu. Chenye mama yako angefanya, mimi nitafanya."

"Kweli, Mama?"

"Nimesema."

"Siku hiyo mama yangu hafagii. Ukifagia siku ya kwanza, unaifukuza bahati ya mwaka mzima."

Jepkosgei alitamani kuirudisha ahadi, lakini ilikuwa imeshatoka.

"Hata uani?"

"Hata uani."

"Hata hapo mlangoni, kidogo tu?"

"Hata hapo mlangoni, Mama."

"Na nikiokota kwa mkono?"

Lihua alifikiria kama hakimu. "Kuokota sijasikia kukikatazwa."

Jumatano ilipambazuka na upepo wa kiangazi, na mparachichi wa uani ukaanza kumwaga majani, ungedhani umehongwa na Esther. Jepkosgei akajifunga leso, akaanza kuokota jani moja moja. Akiokota moja, upepo unamrudishia kumi. Perez, mwanamke jirani kutoka upande wa ziwa kuu, akachungulia juu ya ua.

"Mama Kipkemboi, umepoteza pete?"

"Naokota majani."

"Ufagio umekufa?"

"Umepumzika."

"Yawa! Basi dunia imefika mwisho. Wacha nioge haraka nikutwe msafi."

Lihua alipotoka kwenda kununua kabichi, Jepkosgei alibaki peke yake na ufagio ule nyuma ya mlango. Mkono ukamwasha. Nani atajua? Kufagia mara mbili tatu tu, na uenyekiti ni wake. Aliushika kabisa. Halafu akamfikiria yule mama wa huko China, naye leo ameficha ufagio wake, anaamini mtoto wake yuko mahali pazuri. Akaurudisha nyuma ya mlango, akaupa mgongo.

Akina mama walipofika, Perez akiwa kati yao, Esther alisimama kwa geti, akainua sketi kama anavuka mto.

"Mama Kipkemboi, pole sana. Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni mgonjwa. Keti, nikusaidie." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaukamata ufagio. Jepkosgei aliruka kama kuku aliyeona mwewe, akaudaka upande wa pili. Wakavutana pale mlangoni, wamama wazima.

"Esther, achilia! Leo hapa hakufagiwi. Ni sikukuu ya huyu mtoto, na leo mimi ndio mama yake."

Esther akaachilia. Jepkosgei alijua uenyekiti umeshatoka kwa geti.

"Ketini," akasema kwa unyonge. "Hata mkimwaga, mwageni."

Wakaomba, wakaketi. Mmoja akaangusha kipande cha mkate, akafunga macho akingoja ufagio. Hakuna kilichomjia. Akaegemea kiti. Wengine nao wakaegemea. Wengine walivua viatu. Lihua akaleta sahani ya vitu vyake: unga wa ngano umekunjwa kama masikio, ndani nyama ya kondoo na kabichi.

"Hizi sambusa nani alizitupa kwa maji?" Perez akauliza. Akala moja, akanyamaza. Perez kunyamaza, hiyo peke yake ingetangazwa redioni.

Esther akasimama. "Wenzangu, tuchague tuende nyumbani. Tufanye mlolongo, kama serikali." Mwezi huo Kenya nzima iliongea hiyo tu, watu kuchagua kwa kupanga foleni nyuma ya wanayemtaka. "Mwenye ananitaka, asimame nyuma yangu hapa kwa geti. Mwenye anamtaka huyu," akatazama majani, "ajipange nyuma yake."

Jepkosgei hakusikia. Alikuwa nje kwa jiko, ameinama, anaopoa za sufuria ya pili. Akina mama walipoona upawa umeinuka, walishika sahani wakajipanga nyuma yake. Foleni ikazunguka mparachichi, ikapita tangi la maji, na ukimuuliza Perez, ilifika mpaka mjini na watu wa benki wakaingia. Nyuma ya Esther alisimama kuku mmoja.

Perez akapiga makofi. "Imepita! Mama Kipkemboi ni mwenyekiti!"

"Si haki!" Esther akalia. "Hawa wamefuata chakula!"

"Na huko kwingine foleni inafuatanga nini?" Perez akauliza kwa upole.

Wakacheka, kisha wakaangalia kando kama kuna mtu wa chama anasikiliza.

Jepkosgei aligeuka, upawa mkononi unadondosha maji. "Nimechaguliwa? Na hii takataka yote? Hapana, kama ni chakula, rudieni kesho."

"Kesho utakuwa umefagia, na sisi utatufagia pamoja," akasema mama aliyeangusha mkate. "Wacha kura ibaki ya leo. Leo ndio tumejua unaweza kukaa na watu."

Jepkosgei akageukia sufuria. Akapakua tu, sahani baada ya sahani, machozi yanamtoka akisingizia moshi, mpaka akafika kwa mtu wa mwisho.

"Esther? Wewe unafanya nini hapo nyuma yangu?"

"Naonja tu," Esther akasema, ameangalia chini.

"Perez!" Jepkosgei akaita. "Huyu naye mhesabu."