Nusu ya Chini ya Tangi

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiona taa ya petroli ikiwaka kwenye gari la mtu, viganja hunitoka jasho.

Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni. Nilikuwa na shahada ya uchumi na gari kuukuu, na katika hivyo viwili, gari ndilo lililokuwa na manufaa. Mke wangu Zuhura alikuwa Mambrui kwa mamake, Bi Saumu, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Wajua kwamba bei ya mafuta hutangazwa katikati ya mwezi. Mwezi ule zilivuma habari kwamba itashuka, na tangazo lilikuwa la usiku wa siku ileile ninayokusimulia. Basi asubuhi nilipotoka Malindi kwenda ukweni, nilipita kituo cha mafuta mshale wa tangi umelala chini, nikawatazama waliokuwa wakijaza nikawahurumia. Nani anunue leo ghali kitakachokuwa rahisi kesho? Kwenye mteremko nilizima hata injini. Elimu, mwanangu, ina ujinga wake.

Alasiri uchungu ukamshika Zuhura. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo mara moja tu, akakunja uso. "Mtoto amelala kwa kukingama. Huyu si wa kwangu. Hospitali ya Malindi, sasa hivi!"

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mamake. Niliendesha huku jicho moja likiwa barabarani, jingine kwenye ile taa ya petroli, imekwisha kuwaka. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu kwamba tutafika. Tulipoingia daraja la Sabaki gari likakohoa, likashtuka, likanyamaza.

"Lina nini?" Bi Saumu akauliza.

"Petroli imekwisha, mama."

"Imekwishaje? Si asubuhi umetoka mjini?"

Mkwe hadanganywi. "Nilikuwa nangoja bei ishuke."

Alinitazama kwenye kioo. Zuhura aliuma kanga asipige kelele. "Basi mwambie na huyu aliye tumboni," akasema mama yule taratibu, "naye angoje bei ishuke."

Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikujua kwamba tumbo lenyewe laweza kuwa la mke wako.

Nilisimama katikati ya daraja nikipunga shati. Magari mawili yakanikwepa. La tatu, lori la chumvi kutoka Marereni, likasimama. Nikamkimbilia dereva na kidumu mkononi.

"Nigawie mafuta kidogo, ndugu yangu."

"Langu lanywa dizeli, kaka. Ukitia humo utakuwa na misiba miwili." Kisha akamwona Zuhura, na mzaha ukamtoka. "Mleteni huku! Utingo, panda juu ya magunia!"

Tulimpandisha Zuhura kwa kumbeba, mamake akamfuata. Nami nikashika mlango. Bi Saumu akautoa mkono wangu. "Nafasi hakuna. Wewe kaa na gari lako, ulinde akiba yako."

Lori likaondoka. Nilisukuma gari hadi kando, nikalifunga, nikakimbia mpaka nilipopata bodaboda. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu, na hata yeye nilimwonea haya.

Bi Saumu nilimkuta kwenye benchi la hospitali. Zuhura alikuwa ameingizwa kupasuliwa. Tulikaa, mkwe na mkwe, macho mlangoni, hata muuguzi akatoka na kusema mtoto ametoka amechoka, anasaidiwa kupumua, lakini yu hai, na mamake pia. Nikakaa sakafuni.

Hapo ndipo mama yule akanisogelea. Nilitarajia matusi, na matusi yangekuwa nafuu. "Baba," akasema, "kubana matumizi si kosa. Nami nimelea watoto kwa kubana. Lakini nusu ya juu ya tangi ndiyo yako. Hiyo ibane, ingojee bei, ichezee upendavyo. Nusu ya chini si yako. Ni ya mgonjwa, ya mzazi mwenye uchungu, ya jirani atakayekugongea. Hiyo haiguswi."

Chuoni sikufundishwa uchumi ulio wazi hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, sasa nawe una gari, sikukatazi kubana. Pima upepo wa magurudumu, shusha mizigo unayoizungusha bure, kanyaga mafuta kwa upole. Ukisikia bei itapanda, jaza leo; ukisikia itashuka, ngoja, lakini ngoja ukiwa na nusu. Akiba haiozi, ila akiba ya gari ni mafuta yaliyomo tangini, si shilingi uliyokataa kuitoa. Mshale ukifika katikati, tia, hata kama kesho utaambiwa ungengoja.

Mola akujaalie safari nyepesi na riziki ya kutosha. Na siku mtu wako atakapolia "nipeleke," akukute unaweza.