Mbwa Aliyepaswa Kutujua

Harufu iliyonilea ni ya kibanda kimoja cha udongo nyuma ya jiko la bibi yangu, kule Bombo katika milima ya Upare: moshi wa kuni mbichi, manyoya ya mbuzi yaliyoloana na mvua, na maziwa yaliyochacha. Humo ndimo bibi, mama mzaa baba, alimowafunza watoto wa mbwa kabla ya kuwakabidhi ulinzi wa boma. Chui walishuka kutoka msituni, na nyumba isiyo na mbwa haikudumu na mbuzi. Lakini mbwa mkali asiyewajua wenyewe ni msiba wa pili. Udongo uwahi ungali maji. Kwa hiyo kila asubuhi bibi aliingiza kibandani kitu kimoja cha kwetu: unyoya wa kuku, kamba ya ndama, mbeleko ya mdogo wangu, kilemba chake mwenyewe. Watoto wa mbwa hawakuhitaji kutoka nje ili waijue nyumba. Nyumba ililetwa kwao kipande kipande. Aliyenusa akatulia alipewa uji. Aliyerarua, akaonywa, akararua tena, aliondolewa bila kubembelezwa. Na yule ambaye, wenzake wakiunguruma bure, alisimama katikati yao na kuwazuia, huyo bibi alimthamini kuliko wote. Msimu ninaousimulia, mtulizaji huyo aliitwa Tulia, na mkali wetu aliitwa Jasiri. Jasiri ndiye aliyenisindikiza kuteka maji, nami nilimpenda kama mtu.

Kaka yangu Eliamani alikuwa ameondoka kwenda kukata mkonge tambarare kabla Jasiri hajazaliwa, na nguo zake zote alikwenda nazo. Alirejea Jumamosi ya kwanza ya mwezi Agosti, adhuhuri. Siku hiyo naikumbuka kwa sababu ukungu uligoma kuondoka mlimani. Alipovuka tu kizingiti cha ua, Jasiri alimrukia akamuuma shavu la mguu. Baba alishika panga.

"Mama, mbwa huyu jua halitamchwea."

Bibi alikuwa akiosha jeraha, wala hakuinua kichwa. "Muue. Chui akija utabweka wewe."

"Amemuuma mwanangu."

"Amemuuma mgeni. Nani alimwonyesha kuwa ni mwanao?"

Eliamani, uso umemkunjamana kwa maumivu, alisema, "Shikamoo, bibi. Mkonge umenirudisha mzima, nimekuja kuliwa kwetu."

"Marahaba. Lete shati hilo, na usilifue."

Nilikuwa nimemkumbatia Jasiri shingoni, nikijua kwamba nikimwachia, panga litashuka. Baba alinitazama, akamtazama mama yake, akalirudisha panga darini. Jasiri alirejeshwa kibandani pamoja na Tulia, na shati la Eliamani, lenye jasho na vumbi jekundu la safari, likawa tandiko lake. Mwanzoni aliliungurumia, na kila alipounguruma Tulia alimkalia shingoni hadi anyamaze. Mahindi yalipokuwa yanavunwa, Jasiri alikuwa akilala mlangoni kwa Eliamani. Asubuhi moja ya msimu huohuo chui alishuka na ukungu hadi ukingoni mwa zizi. Jasiri alimrudisha msituni. Siku hiyo Baba alimpa mbwa nyama kabla yetu.

Shule niliipata baadaye sana. Nilianza kidato cha kwanza nikiwa na miaka arobaini na mbili, mwaka uliofuata ule niliofiwa na mume wangu, nikaketi dawati moja na rika la wanangu bila kuona haya. Siku mwalimu wa biolojia alipochora tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, nililiona jiko la bibi. Ndani ya tezi hiyo, alieleza, askari wachanga wa kinga huonyeshwa sampuli za protini za mwili mzima: za ini, za jicho, za kongosho, ingawa viungo hivyo viko mbali. Anayezishambulia kwa ukali huangamizwa. Wengine hugeuzwa watulizaji, wawazuie wenzao huko nje.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, hicho ni kibanda cha mbwa."

Darasa lilicheka hadi vumbi likatoka madirishani. Mwalimu alingoja kicheko kiishe. "Tueleze, mama." Nikaeleza, na mwalimu alipofika kwenye askari wanaoponyoka mafunzo na kuushambulia mwili wenyewe, alitoa mfano wa shati la Eliamani.

Leo vidole vyangu vimevimba. Daktari wa Same ameniambia ni baridi yabisi: kinga yangu inashambulia utando wa viungo vya mifupa yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana wa jirani yangu, mwenye bodaboda, huniletea tangawizi kutoka Mamba kwa moyo mwema.

"Bibi, kunywa, inaongeza kinga."

"Mjukuu wangu, mbwa wangu hajapungukiwa meno."

Tangawizi naitia kwenye chai kwa sababu ni tamu. Dawa ya daktari naimeza kwa sababu nyingine: haimuui mlinzi, inamtuliza, na ndiyo maana daktari hunipima damu mara kwa mara, asije akalala mno chui akapita. Bibi alikuwa na shati la kumwonyesha Jasiri. Wataalamu bado wanalitafuta shati la viungo vyangu, yaani njia ya kuifundisha upya kinga iliyokosea. Katika hilo, kibanda cha udongo kilitangulia maabara. Katika mengine mengi maabara imetuacha mbali, nami sioni uchungu kukiri. Asubuhi hukunja vidole kimoja baada ya kingine mpaka vitii, kisha nashika kalamu. Panga limerudi darini. Mbwa ni wangu, na atanijua.