Kigelegele cha Bibi wa Kibuta

Kwaaa! Mlio huo bado ninao masikioni, kama bati linaloburutwa sakafuni. Ulitoka kwenye spika ya kibanda chetu cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, Kibaha, kwenye sehemu ya wimbo ambapo bibi mmoja wa kijiji cha Kibuta alipaswa kupiga kigelegele.

Bibi mwenyewe alikwishafariki. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa amekaa mbele yangu. Alikuja na memori kadi yenye nyimbo za mwali alizomrekodi mama yake kwenye simu. Jumamosi binti wa huyu mama, aliyekuwa mwali, alikuwa anatolewa ndani, na wenye spika za kukodi walitaka flashi yenye mp3.

"Nimemwahidi mwanangu," aliniambia, "bibi yake ndiye atakayemtoa."

Nami nikafanya kama tulivyozoea. Wateja wetu wengi ni bodaboda, na bodaboda hausifu wimbo mpaka usikike kuushinda upepo. Basi kabla ya kugeuza faili kuwa mp3 nilipandisha sauti hadi mwisho, bila hata kusikiliza.

"Huyu si mama yangu," alisema. "Huyu kuku kabanwa na mlango."

Tulicheka wote, ila yeye alifuta macho.

Nikapunguza sauti kwenye ile faili niliyokwisha kuigeuza. Wapi! Bibi akawa anakwaruza vilevile, sema kwa kunong'ona. Pale kigelegele kilipozidi nafasi yake, kompyuta ilikuwa imekikata kilele, na kilichokatwa hakirudi. Nikamgeukia.

"Mama, kwenye kadi hujafuta kitu?"

"Nimfute mama yangu mimi?"

Nikaanza upya kutoka kwenye kadi. Kwanza nilitafuta mahali bibi anapopaza kuliko kote, nikashusha sauti kidogo kidogo, mpaka vile vistari vya kijani vya kupimia sauti kwenye kompyuta vikawa vinaruka bila kugusa nyekundu. Ndipo nikageuza.

Kigelegele kikatoka chembamba, kirefu, kimenyooka. Mama akainuka kitini.

"Ee! Huyo! Hebu rudisha, mwanangu."

Nilirudisha mara nne.

"Mbona sauti ndogo kidogo?"

"Jumamosi waambie wapandishe kwenye spika zao, mama. Humu kwenye flashi mwache bibi apumue."

Akaifunga flashi kwenye pindo la khanga, akaniombea dua, akaenda zake. Nakala ilibaki kwenye kompyuta. Mimi kwetu bara wasichana hatuwekwi ndani, sikuwahi kuchezwa mwali. Nilirudishia mlango, nikajifunga kitenge kiunoni, nikaucheza wimbo wote hadi mwisho.