Boneti Isiyokwisha Kusuguliwa

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi wa rangi mjini Malindi, na kabla sijapata pa kukaa nikaisikia ile sauti: kwaru, kwaru, msasa uliolowa maji ukipita juu ya bati. Nikasahau kuketi. Nilirudi moja kwa moja uani kwetu Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana wa darasa la pili mwenye maswali ambayo hakuna mtu mzima aliyekuwa na nafasi nayo.

Dada yangu Neema alikuwa anaolewa na kijana wa Chewele, mbali huko mto unakotokea. Baba, aliyekuwa fundi wa rangi za magari, aliipulizia pikapu yetu kuukuu rangi ya buluu ili impeleke bibi harusi kanisani. Jamani, ile buluu! Ilipokauka niliwaita watoto wa jirani waje waione. Ruhusa ilikuwa kutazama tu, kugusa marufuku, na askari nilikuwa mimi.

Basi harusi ikikaribia, Baba akaloweka msasa kwenye karai la maji ya sabuni, akauzungusha kwenye kipande cha kandambili, akaanza kuisugua rangi yake mwenyewe. Nilipigwa na butwaa. Mng'ao wote ulikufa, boneti ikafifia, na maji ya buluu yakatiririka mchangani hadi kuku wakawa na miguu ya buluu. Mtu anapaka, halafu anakwangua? Nilipomuuliza, alisema rangi ikipulizwa hukauka na vinundu kama ganda la chungwa, na visipolainishwa haing'ai sawasawa. Sikumwamini hata kidogo. Mimi niliona buluu ikimwagika.

Nikakata shauri kwamba Baba ameghairi, hataki harusi, na sasa anaiharibu pikapu makusudi ili Neema asiende. Niliogopa sana. Hata Mama Dhahabo, mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa, alisimama na kibuyu chake akashangaa.

"Wewe Baba Neema, hii gari nasugua mpaka lini? Rangi naisha!"

"Bado kidogo," Baba akajibu.

Jioni alipaka dawa ya kung'arishia, akasugua kwa kitambaa, na mara boneti ikawaka hata nikayaona mapengo yangu ndani yake. Nikaona haya kwa kumdhania vibaya. Lakini asubuhi nilimkuta ameimwagia maji boneti ile ile, anaanza upya na msasa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mama alimhimiza akachinje mbuzi, Baba akasema bado kidogo. Wajomba walikuja kumwita, bado kidogo.

Siku moja kabla ya harusi, Neema alitoka ndani nywele zikiwa zimesukwa nusu. Akaweka kiganja juu ya boneti iliyolowa.

"Baba, inatosha."

"Kuna vumbi limebaki hapa."

"Hakuna, Baba."

Baba aliutazama ule mkono, kisha akanipa msasa nikautupe. Nilikwenda nao nyuma ya choo nikiwa sielewi nani kashinda nini. Kesho yake pikapu ilisifiwa na kanisa zima, ila Baba hakuitazama hata mara moja.

Yule fundi wa Malindi aliimaliza boneti yangu kabla ya adhuhuri. Nikamuuliza kama hatairudia kesho. Alicheka, akasema ukiirudia utaimaliza rangi, fundi yeyote anajua hilo.

Nilimpigia Neema simu papo hapo, nikamweleza kwamba Baba alijua anaimaliza rangi, na bado aliendelea kusugua.

"Kwani wewe ulidhani nililia nini njia nzima mpaka Chewele?" akasema.